Kwa nini mchezaji ngoma niliyemchora ameganda? Mwendo na wakati katika picha isiyosogea

Swali la msomaji: Mimi ni mchoraji, naishi Mwanza. Huwapiga picha kwa simu wachezaji wa Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, wakiwa uwanjani na majembe yao, kisha nachora nikiifuata picha kwa makini sana. Vipimo vinatoka sahihi, lakini mchezaji anaonekana ameganda, kana kwamba ametundikwa hewani. Wakati huohuo naona michoro ya zamani ambayo miguu imekosewa kabisa, na bado inakwenda. Wasanii huonyeshaje mwendo na kupita kwa wakati katika kitu ambacho chenyewe hakisogei?

Jibu: Ndugu yangu, macho yako yameona sawasawa, na jambo uliloligusa liliwagawa wasanii wa Ulaya kwa miaka mingi. Hitilafu haiko kwenye mkono wako wala kwenye vipimo vyako. Iko kwenye chanzo unachokinakili. Ulipokuwa uwanjani uliona jembe likirushwa, likigeuka hewani na kudakwa, na yote hayo yakakuingia machoni kama tendo moja. Simu haikuliona tendo hilo. Ilichukua sehemu ndogo mno ya sekunde, ikaacha yaliyotangulia na yaliyofuata, nawe ukainakili sehemu hiyo kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo mchoro wako ni sahihi kwa kipimo cha simu, lakini si sahihi kwa kipimo cha mtu aliyekuwepo pale akitazama. Mwendo katika picha mnato hauji kwa kuikamata nukta moja ya wakati. Huja pale msanii anapokusanya nukta kadhaa ndani ya umbo moja, akazipanga kwa namna inayomlazimu mtazamaji azipitie moja baada ya nyingine.

Kisa kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko vyote ninavyovifahamu ni cha farasi anayekwenda shoti. Mwaka 1821 mchoraji Mfaransa Théodore Géricault, akiwa Uingereza, alichora mbio za farasi za Epsom, na turubai hiyo leo imo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Farasi wanne wanapita mbele yetu wakiwa wamejinyoosha kabisa, miguu ya mbele imetupwa mbele na ya nyuma imetupwa nyuma, matumbo yakikaribia majani, na juu yao limetanda wingu zito. Farasi wa mbio walikuwa wakichorwa hivyo kwa muda mrefu, na watazamaji waliridhika, kwa sababu farasi hao walionekana wanakimbia.

Kisha, mwezi Juni 1878, huko Palo Alto katika jimbo la California, mpiga picha Eadweard Muybridge, aliyekuwa akigharimiwa na tajiri wa reli Leland Stanford, alipanga safu ya kamera kando ya njia ya mbio na kuzifyatua kwa zamu kadiri farasi alivyopita. Maelezo yaliyochapishwa pamoja na picha za farasi jike aliyeitwa Sallie Gardner yanasema kwamba picha zilipishana kwa takriban sehemu ya 25 ya sekunde, na kwamba kila moja ilichukuliwa kwa muda usiofika sehemu ya 2,000 ya sekunde. Picha hizo zilithibitisha kwamba upo wakati ambapo kwato zote nne za farasi aendaye shoti huwa zimeachana na ardhi. Lakini wakati huo miguu haikunyooka: imekunjwa na kukusanyika chini ya tumbo. Mkao wa farasi wa Géricault haumo katika picha hata moja. Baadhi ya wachoraji walibadilika. Edgar Degas alizisoma picha za Muybridge kwa bidii, na miguu ya farasi wake ikafuata ushahidi huo mpya.

Mchongaji Auguste Rodin hakukubali. Katika mazungumzo yake na Paul Gsell yaliyochapishwa mwaka 1911, alisema kwamba msanii ndiye msema kweli na picha ya kamera ndiyo inayosema uongo, kwa kuwa katika maisha halisi wakati hausimami. Maelezo yake kuhusu turubai ya Géricault yanafaa kusomwa na kila mchoraji. Mtazamaji huanza kwa kuona miguu ya nyuma ikimaliza kuusukuma mwili; kisha anaona mwili ukijinyoosha; kisha anaona miguu ya mbele ikiitafuta ardhi mbali huko mbele. Ukiyachukua mambo hayo matatu kuwa yametokea kwa pamoja, picha ni ya uongo. Ukiyachukua kuwa yamefuatana, kila sehemu ni ya kweli, na ukweli wa namna hiyo ndio tuliouona kwa macho yetu uwanjani.

Namna jicho linavyofanya kazi inampa Rodin nguvu. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo, na kwa sababu hiyo hatuioni turubai nzima kwa mkupuo mmoja. Jicho huruka kutoka mahali hadi mahali, mara tatu hivi kwa sekunde, na akili ndiyo inayoziunganisha sehemu hizo kuwa picha moja. Maana yake ni kwamba hata picha isiyosogea hutazamwa ndani ya wakati. Msanii anayelijua hilo huwa na uwezo wa kupanga kipi kionekane kwanza na kipi kionekane baadaye, na katika nafasi hiyo iliyopo kati ya mtazamo mmoja na mwingine ndipo anapoweza kuuingiza mwendo.

Mfano alioutumia Rodin mwenyewe unaonyesha kazi hiyo kwa karibu. Ni sanamu ya shaba ya Marshali Ney, jemadari wa Napoleon, iliyotengenezwa na François Rude na kuzinduliwa Paris mwezi Desemba 1853, karibu na mahali ambapo Ney alipigwa risasi mwaka 1815. Ukiitazama kwa haraka unaona ofisa wa jeshi aliyeinua upanga akiwaamuru askari wake wasonge mbele. Sasa itazame polepole ukianzia chini. Miguu ya Ney, pamoja na mkono wake wa kushoto ulioshika ala ya upanga, bado imo katika tendo la kuchomoa upanga: mguu wa kushoto umerudishwa nyuma ili mkono wa kulia uufikie mpini bila shida, na ala imeinuliwa kana kwamba upanga ungali ndani yake. Panda hadi kwenye kiwiliwili. Mtu anayechomoa upanga ubavuni kushoto kwa mkono wa kulia hulazimika kuinama kidogo upande huo, lakini kiwiliwili cha Ney kimekwisha kunyooka na kifua kimetuna. Panda tena. Kichwa kimewageukia askari, kinywa kimefunguka kwa amri, na mkono wa kulia umekwisha kufika juu kabisa. Kutoka nyonga hadi ngumi iliyoshika upanga, muda umepita. Hakuna nukta hata moja ambayo mwili wa binadamu ulipata kukaa hivyo, na kwa sababu hiyo kamera isingeweza kuupata mkao huo hata ingefyatuliwa mara elfu. Jaribu mwenyewe mbele ya kioo, ukitumia fimbo badala ya upanga, utaona kwamba mwili wako unapita katika mikao hiyo yote lakini hauwezi kuikaa kwa pamoja.

Rodin alifanya vivyo hivyo katika sanamu yake ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Anatembea, lakini nyayo zote mbili zimekanyaga ardhi barabara, jambo ambalo hatua ya kawaida haina. Mguu wa nyuma ndio unaobeba uzito tunapoanza kutazama, na kadiri jicho linavyopanda na kushuka, uzito unahamia kwenye mguu wa mbele.

Zipo njia nyingine, na ni vizuri uzijue ingawa sizipi uzito sawa. Ya kwanza ni kuchagua nukta inayobeba yaliyopita na yajayo. Mgiriki Myron, katikati ya karne ya 5 K.K., alitengeneza sanamu ya mrusha kisahani ambayo shaba yake ya asili imepotea na tunaijua kwa nakala za marumaru za Kirumi. Alimwonyesha mwanamichezo akiwa ameurudisha mkono nyuma hadi mwisho wake, kabla tu haujaanza kurudi mbele. Mwili wenyewe husita hapo kidogo, kwa hiyo utulivu wa sanamu haupingani na tendo. Mwandishi Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing aliiandikia kanuni mwaka 1766: mchoraji na mchongaji, kwa kuwa wana nukta moja tu, waepuke kilele cha tendo, kwa sababu kilele hakimwachii mtazamaji kitu cha kuendeleza. Nadhani alisema kweli kwa sehemu kubwa. Mchezaji aliyefika juu kabisa ya mruko wake hana pa kwenda machoni petu. Aliyekunja magoti kidogo akijiandaa kuruka tayari anaruka akilini mwetu. Hata hivyo Lessing alidhani msanii hana budi kubaki na nukta moja, na sanamu ya Ney, iliyokuja baada yake, inaonyesha kwamba sharti hilo halipo.

Njia ya pili ni kuacha kuonyesha kile ambacho jicho halikioni. Katika turubai ya wafumaji ya Diego Velázquez iliyoko Prado, Madrid, iliyochorwa miaka ya 1650, mwanamke mzee ameketi kwenye gurudumu la kusokotea nyuzi, na gurudumu hilo halina spoki. Mahali pa spoki pana ukungu mwembamba na mng'ao uliozunguka. Ilikuwa takriban karne mbili kabla ya kamera kuanza kutumika, kwa hiyo hakuigiza picha iliyotikisika. Alichora kile alichokiona. Simu yako, yenye kasi kubwa mchana wa jua, ingezihesabu spoki zote na gurudumu lingesimama.

Njia ya tatu ni kurudiarudia. Étienne-Jules Marey, mtaalamu wa Kifaransa wa mwili na mwendo wake, alianza mwaka 1882 kuzipiga picha hatua za mtu au za ndege anayeruka zikafuatana juu ya bamba moja la picha, na miaka 30 baadaye wachoraji wakaigeuza mbinu hiyo kuwa mtindo. Mwaka 1912 Giacomo Balla wa Italia alimchora mbwa mdogo mwenye kamba, miguu yake ikiwa mingi kama upepeo uliofunguliwa, na mwaka huohuo Marcel Duchamp akachora mtu anayeshuka ngazi kwa mfululizo wa maumbo yanayopandana. Nazipenda kazi hizo, ila nakutahadharisha: kurudiarudia peke yake huonyesha orodha ya mikao. Mbwa wa Balla anakwenda kwa sababu mwili wake umebaki mmoja, mzito na mweusi, huku miguu, mkia na kamba tu ndivyo vinavyotawanyika. Pasipo kitu kinachotulia, jicho halipati mahali pa kupimia kinachokwenda.

Umeuliza pia kuhusu kupita kwa wakati, ambalo ni jambo pana kuliko mwendo wa mwili. Hapa wasanii wa kale walikuwa na ujasiri ambao sisi tumeupunguza kwa kuzoea kamera. Katika makaburi ya Beni Hasan, yaliyochimbwa ndani ya mwamba kando ya Mto Nile nchini Misri takriban miaka 4,000 iliyopita, ukuta mmoja wa kaburi la Baqet III umejaa zaidi ya jozi 200 za wanamieleka, safu juu ya safu. Mmoja amepakwa rangi iliyokoza na mwenzake rangi iliyopauka, ili miili inapokabana usikosee mkono huu ni wa nani. Ukitembea ukiutazama ukuta ule, mmoja anakamata kiuno, mwingine ananyanyuliwa, mwingine kichwa kinakwenda chini, na mieleka inaendelea kwa kadiri ya hatua zako mwenyewe. Mchoraji Masaccio, huko Florence nchini Italia katika miaka ya 1420, aliweka nyakati tatu ndani ya mandhari moja katika kanisa dogo la Brancacci. Katikati Yesu anamwagiza Petro. Kushoto kabisa Petro huyohuyo amechuchumaa ukingoni akitoa sarafu kinywani mwa samaki. Kulia Petro huyohuyo anamlipa mtoza kodi. Hakuna mstari unaozitenganisha. Mkono wa Yesu ulionyooka kuelekea majini ndio unaokutuma kushoto kwanza, na baada ya hapo unavuka picha yote kurudi kulia, kwa hiyo hadithi inakwenda kwa jicho lako kuvuka ukuta mara mbili.

Hapa kwetu tuna mifano ambayo wachoraji vijana huipita bila kuitazama. Kwenye mapango ya miamba ya Kondoa, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, watu warefu wembamba wa rangi nyekundu na wanyama wa zamani wamepakwa juu yao michoro ya baadaye, baadhi yake ya rangi nyeupe. Wakati hapo haukuchorwa. Umelundikana wenyewe, tabaka juu ya tabaka, na anayetazama anaweza kuona kipi kilitangulia. Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, kilichochongwa kutoka gogo moja la mpingo, hupandisha watu juu ya watu hadi kileleni, na wengi hukisoma kuwa vizazi vinavyobebana. Ukikizunguka, unaona kwamba hakuna upande ulio wa mbele. Kila unapogeuka, mtu uliyekuwa unamwona anakabidhi nafasi kwa mwingine.

Msanii William Kentridge wa Johannesburg ameligeuza lundo hilo la wakati kuwa njia ya kufanyia kazi. Tangu mwaka 1989 amekuwa akichora kwa mkaa kwenye karatasi, akiipiga picha, akifuta sehemu, akichora upya juu yake na kuipiga tena, hadi mchoro unakuwa picha jongefu. Mkaa haufutiki kabisa. Mtu anapovuka karatasi nyuma yake hubaki vumbi la kijivu mahali pote alipokuwa. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata ukiitundika ukutani ile karatasi ya mwisho peke yake, bila picha jongefu, bado ina safari yote ndani yake. Hili unaweza kulifanya kesho bila gharama yoyote zaidi ya mkaa na kitambaa.

Sasa turudi kwenye Bugobogobo. Acha kuanza na picha ya simu. Kaa uwanjani ukiwa na karatasi za bei nafuu na uchore skechi nyingi za haraka, kila moja kwa mistari michache: mstari wa uti wa mgongo kwanza, kisha mstari wa mabega, kisha wa nyonga. Mistari hiyo miwili ikilala sambamba, mwili umesimama. Ikipishana, mwili unageuka, na tofauti ndogo ya mteremko ina nguvu kuliko miguu mingi. Angalia pia uzito uko juu ya unyayo gani. Ukidondosha mstari wima kutoka shingoni na ukaangukia katikati ya nyayo, mchezaji ametulia. Ukiangukia nje yake, mtazamaji anahisi kwamba hatua nyingine haina budi kufuata.

Baada ya hapo unganisha nukta, kama Rude. Acha magoti yawe bado yanasukuma jembe juu, kiwiliwili kiwe kimeanza kunyooka, kichwa kiwe tayari kinalifuata jembe, na mkono wa pili uwe unajiandaa kulidaka. Usizitenganishe nukta hizo mno. Zikiwa mbali sana mwili utavunjika, na zikiwa karibu sana utakuwa umerudi kwenye picha ya simu. Mpini wa jembe usiuchore kwa ukali mwanzo hadi mwisho. Ncha inayoelekea linakokwenda iwe kali, na ile inayotoka iachwe laini, kwa brashi iliyokauka. Mbele ya mchezaji acha nafasi zaidi kuliko nyuma yake, na kivuli chake kiachane na unyayo kwa kadiri ya urefu alioruka, kwa sababu kivuli kinachogusa unyayo humrudisha mtu ardhini hata ungechora nini juu. Katika kundi la wachezaji, mmoja awe ametulia kabisa, pengine mpiga ngoma mwenyewe, ili wengine wapate wa kupimiwa.

Simu ina kazi yake, ila kazi hiyo inakuja mwisho. Mchoro ukishasimama na kwenda, fungua picha zako utafute yale ambayo jicho la uwanjani haliyawahi: jinsi shuka lilivyofungwa kiunoni, njuga zimekaa wapi kwenye kifundo cha mguu, vidole vinaushikaje mpini. Yaongeze hayo kidogo kidogo, na kila unapoongeza kimoja rudi nyuma hatua chache utazame; pale utakapoona mchezaji ameanza kusimama, futa ulichoongeza mwisho.